Kufundisha Walinzi Kurudi Nyuma

Mliochukua kazi yangu mmeniomba niwaandikie namna nilivyoifanya. Mbinu zenyewe mnazijua. Nyingi mlizipata kwangu, na mlizokosea nilizirekebisha mpaka mkanichukia. Kwa hiyo sitaeleza jinsi ya kukunja ngumi. Nitaeleza jambo ambalo halimo katika mafunzo yetu: miaka yote niliyowafundisha walinzi kujikinga, nilikuwa na hofu. Sikuogopa kupigwa. Nilishapigwa, na kipigo kina mwisho wake. Niliogopa kwamba asubuhi moja mtu niliyemfundisha angesimama mbele ya panga, akaamini nilichomwambia, na nilichomwambia kisitoshe.

Nimezaliwa Katuba, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya mfanyakazi wa reli. Kwenye karatasi naitwa Joséphine, lakini hakuna aliyewahi kuniita hivyo isipokuwa padri siku ya ubatizo. Wengine wote huniita Fina. Nilikuwa msichana wa sekondari pale mwanamume mmoja aliponikamata kifundo cha mkono kwenye makutano ya barabara na reli, mchana kweupe, watu wakipita. Hakunifanya kitu kikubwa. Alicheka, akanishika, kisha akaniachia alipoona mama mmoja mwenye beseni la mboga anamtazama. Mwanamume yule hakunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba mimi sikufanya lolote. Mdomo haukufunguka, miguu ilikuwa kama imepandwa ardhini. Nilifika nyumbani nikajifungia chooni, nikajaribu kupiga kelele kwa sauti ndogo, nione kama sauti bado ipo.

Mwaka huohuo nikaingia klabu ya judo ya parokia. Mwalimu wetu, Maître Barthélemy, alikuwa fundi wa mashine katika karakana ya reli, mtu mwembamba mwenye kikohozi, viganja vyake vikinuka grisi hata Jumapili. Mikeka ya kununua hatukuwa nayo. Tulibeba vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, tukalimwaga sakafuni ndani ya fremu ya mbao, tukalishindilia kwa miguu, kisha tukatandika juu yake turubai kuukuu la lori na kulivuta mpaka likakaza. Baada ya mazoezi lilikuwa na mabonde na vilima, na aliyechelewa kufika ndiye aliyelisawazisha. Nalijua turubai lile vizuri sana.

Nilitarajia kufundishwa kuangusha watu. Nikafundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo uwe duara, mkono upige turubai kabla kiuno hakijafika chini, la sivyo kiuno ndicho kitakachopokea habari yote. Baada ya hapo, kutembea. Mguu mmoja unateleza, wa pili unaufuata; haigongani, haipishani. Maître alikuwa akisema kwamba mtu anayepishanisha miguu ameshaanguka, ila hajaarifiwa. Tulitembea hivyo kwenda na kurudi, mbele, nyuma, kando, mpaka nyayo zikaota sugu. Siku moja nilichoka nikamuuliza:

"Maître, siku gani tutajifunza kupika muntu?"

(Msomaji wa mbali asishtuke. Kwetu mtu hupikwa ngumi, si kwenye sufuria.)

"Unataka kumupika nani?"

"Ule atanikamata."

"Na akikukamata, weye utakuwa wapi?"

Sikumwelewa. "Ntakuwa pale pale."

"Njo ile kintu tunafundisha hapa," alisema, akakohoa, akapangusa mdomo. "Usikuwe pale pale."

Alikufa kwa kile kikohozi kabla sijapata mkanda mweusi. Aliyenifunga mkanda ni mtu mwingine, na siku ile nilimwogopa Maître kuliko alipokuwa hai.

Kampuni ya ulinzi iliniajiri kwa sababu migodi na maghala yalikuwa yameanza kutaka wanawake wa kupekua wanawake langoni. Nilikaa langoni muda mrefu kidogo, nikipekua mabegi na vitenge, mpaka mkuu wetu, Chef Mulongo, alipopata habari za mkanda wangu. Alikuwa mwanajeshi zamani. Sauti yake ilifika barabarani kabla hajatoka ofisini. Akaniambia nianze kuwafundisha wenzangu.

"Bafundishe kusimama," alisema. "Muntu apite barabarani, abaone, aseme: hapa, apana."

Asubuhi ya darasa la kwanza sikuweza kumeza hata chai. Ua ulikuwa nyuma ya ofisi, saruji tupu, mabati juu upande mmoja. Walinzi walikuja na viatu vya kazi, na hapo nikaona tatizo la kwanza: vyote vilikuwa vya saizi za wanaume. Wanawake walikuwa wamejaza vitambaa kwenye ncha. Ukimwambia mtu ateleze mguu ndani ya kiatu cha namna hiyo, mguu unaenda na kiatu kinabaki. Niliwavua wote, tukafanya peku mpaka miguu ikaijua sakafu, kisha nikawarudisha kwenye viatu vyao vibaya, kwa sababu mwizi hamngojei mtu avue. Kama mnataka ushauri mmoja wa vitendo, ni huo. Na viatu bado vinakuja vikubwa, mtaona.

Namna niliyowasimamisha ni hii. Miguu upana wa mabega, mmoja mbele kidogo. Kisigino cha nyuma chepesi, kiasi kwamba ukipitisha jani la mwembe chini yake litapita. Magoti yalegee. Viganja viwe wazi mbele ya kifua, kama mtu anayesema: pole pole, tuongee. Chef Mulongo hakupenda viganja wazi. Alisema tunafanana na watu wanaoomba msamaha. Lakini sikufundisha ngumi kwenye kusimama, hata mara moja. Kiganja kilicho wazi kinakinga haraka zaidi, tena kinamwacha mwenye hasira na njia ya kutokea. Ukimwonyesha ngumi, umeshamjibu swali ambalo labda hakutaka kuuliza.

Mkono ukikamatwa, tafuta gumba la aliyekukamata. Gumba ndilo mlango wa mkono wake. Geuza kifundo chako kielekee gumbani, kisha toa kwa kiwiko na kiuno, si kwa bega, na papo hapo uwe umeondoka ulipokuwa. Rungu libaki chini, kando ya paja. Rungu likipanda juu ya bega, mbavu zote zimebaki wazi kama duka siku ya Jumamosi.

Hayo mnayajua. Msichokijua bado ni nani wa kumwogopea. Mwanafunzi wa siku za kwanza anaogopa, na woga wake unamrudisha nyuma. Aliyekaa miaka ameshaonja vya kutosha. Wa katikati, aliyejifunza kidogo na kuangusha mwenzake mara kadhaa, ndiye aliyeninyima usingizi. Nilikuwa nikimwona anatoka uani akitembea kwa namna mpya, mabega yamepanda, nikajua kwamba nimempa kitu hatari. Simu ikilia saa za kazi, niliweka chini nilichoshika kabla sijaona jina. Mume wangu, Mungu amweke pema, alizoea kunitazama uso kwanza, ndipo aulize kama chakula kiko tayari.

Kati ya wote walionipa hofu, wawili walizidi.

Wa kwanza ni Polydore. Alikuwa na kifua kama mlango wa kabati na sauti nzito aliyoimbia kwaya ya parokia yake. Akisema yambo, madirisha yaliitikia. Hakukubali kurudi nyuma. Nilimsukuma, akasimama. Nilimsukuma kwa nguvu zaidi, akaanguka kama mti, akacheka, akainuka, akasimama vilevile.

"Polydore, rudisha mguu wa nyuma. Kisha wa mbele uufuate."

"Maître, mwanaume anaendaka mbele."

"Na mwanaume akisukumwa na lori?"

"Lori iko na dereva, Maître. Itanikwepa."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka.

Wa pili ni Bibiche. Alikuwa mdogo wa umbo, kofia ya kazi ikimfika kwenye nyusi. Alishika mbinu haraka kuliko wote, lakini mwenzake akimkamata ghafla, macho yake yalikwenda mbali na mwili ukabaki peke yake. Sikuhitaji kuambiwa ni kitu gani. Wala sikumwambia asiogope. Hakuna aliyewahi kuacha kuogopa kwa kuambiwa. Nilimpa kazi ya kufanya.

"Ukikamatwa, sema kitu. Chochote."

"Niseme nini, Maître?"

"Muulize jina lake."

"Mwizi?"

"Ata mwizi iko na jina."

Akaanza. Kila aliposhikwa aliuliza, kwa sauti ya kuku mgonjwa, "Unaitwa nani?" Wenzake walikuwa wakimwiga wakati wa kula. Lakini nikaona kwamba mdomo ukifunguka, magoti nayo yanafunguka, na macho yanarudi kutoka huko yalikokwenda.

Chef Mulongo aliwapanga wote wawili kwenye lango la mgodi mmoja upande wa Kambove, na Polydore akawa kiongozi wa zamu. Nilikwenda ofisini kwake.

"Chef, Polydore umuweke kwenye ghala, hapa mjini. Kule ba-creuseur, bachimbaji ba mukono, beko bengi, tena beko na njala. Polydore ni ukuta."

"Maître, client anaomba ukuta."

"Ukuta ukisukumwa, unaangukia bantu."

Alinitazama, akasugua macho. "Weye unaogopa kila kintu," alisema, bila ubaya. Ilikuwa kweli, nikaondoka.

Masika yalipokolea nilipanda kwenda huko kuwapa mazoezi ya kukumbushia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Udongo ulikuwa mwekundu na laini, unashika kiatu mpaka kifundoni. Nilifurahi, kwa namna ya mwalimu: nikawatoa kwenye kibanda nikawafanyisha hatua fupi matopeni karibu na lango, maana matopeni hatua ndefu ni kaburi. Lango lenyewe lilikuwa upenyo katika ua wa seng'enge, na katikati yake kizuizi cha chuma cha kunyanyua kwa mkono. Kando ya barabara akina mama walikuwa wakiuza mandazi.

Tulikuwa bado tunafanya mazoezi mmoja wa wale akina mama aliposimama ghafla na kutazama nyuma yetu. Mimi sikusikia kitu. Udongo uliolowa ukibomoka hautoi vumbi wala mlio mkubwa. Kisha tukaona watu wanakuja mbio kutoka kwenye vibanda vya wachimbaji, wakiwa na mitalimbo, sepetu, mabeseni.

Ilikuwa hivi. Wachimbaji wa mkono walikuwa wakiingia katika shimo la zamani ndani ya ua wa mgodi, kupitia tundu walilolikata wenyewe. Asubuhi ile ukingo wa shimo ukaporomoka, ukafunika wenzao, ukafunika na lile tundu. Njia iliyobaki ilikuwa lango letu.

Redio iliyokuwa kifuani mwa Polydore ikalia. Mkuu wa ulinzi wa mgodi, ambaye hakuwapo pale langoni, alisema asiingie mtu. Alisema tena: lango lisifunguliwe mpaka polisi wafike. Polydore akajibu kwamba amesikia. Akasimama nyuma ya kizuizi, miguu imepanuliwa, kifua mbele. Bibiche akasimama kando yake, na walinzi wengine wawili nyuma.

Mimi sikuwa na zamu wala redio, na sikuwa na amri juu ya mtu yeyote pale. Nilisimama pembeni na fulana yangu ya mazoezi. Nilifanya kitu pekee ninachokijua: niliwatazama watu miguu na mikono. Walikuwa wameshika mitalimbo katikati, kama mtu anayebeba, si kwenye ncha kama mtu anayetaka kupiga. Nikajua kwamba hawakuja kupigana. Nikajua pia kwamba mkono unaweza kuteleza kutoka katikati hadi kwenye ncha kabla hujamaliza kupumua.

Aliyekuwa mbele alikuwa kijana mwenye koti la mvua la njano, matope hadi kiunoni. Alimtazama Polydore, akamwacha, akamgeukia Bibiche.

"Yaya, fungua. Mudogo wangu iko chini."

"Rudi nyuma!" Polydore alinguruma. "Ordre ni ordre!"

Na rungu likapanda juu ya bega.

Niliona yote yatakavyokwenda: rungu litashuka juu ya kichwa kimoja, mtalimbo utaingia kwenye mbavu zilizo wazi, Polydore ataangukia kizuizi, na umati wote utapita juu yake na juu ya Bibiche. Niliyaona kama mtu anayeona chungu kikianguka kutoka mezani naye yuko mbali.

Bibiche alifungua viganja.

"Unaitwa nani?" aliuliza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule kijana alipepesa macho. "Dieumerci."

"Na mudogo yako?"

"Trésor."

"Beko bangapi kule chini?"

"Batatu. Moya tunasikia anaita. Fungua, yaya! Yaya!"

Na akanyoosha mkono juu ya kizuizi akamkamata Bibiche kifundo cha mkono. Nadhani hakutaka kumuumiza. Nadhani alishika kitu kilichokuwa karibu, kama anayezama. Nikaona macho ya Bibiche yanaanza kwenda. Nikataka kuita, sauti haikuja; baada ya miaka yote ile ya kufundisha, haikuja. Kisha macho yakarudi. Kifundo chake kikageuka kuelekea gumbani, kiwiko kikafuata, mkono ukatoka. Alikuwa amesharudi nusu hatua, viganja viko wazi tena. Hakumpiga.

"Dieumerci, usinikamate," alisema. "Minakusikia."

Kijana akautazama mkono wake mwenyewe kama mkono wa mtu mwingine. Lakini nyuma yake watu walikuwa wanasukumana, na redio ilikuwa inarudia maneno yaleyale, na rungu lilikuwa bado juu. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka.

"Polydore! Miguu yako!"

Alishtuka, akatazama chini. Sijui aliona nini. Mtu akitazama miguu yake hawezi wakati huohuo kumtazama adui, na labda hicho ndicho kilichotokea: alipoinua tena macho, mbele yake hapakuwa na adui, palikuwa na Dieumerci. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alisikiliza redio. Alimtazama Bibiche. Kisha akarudi nyuma. Mguu wa nyuma kwanza, wa mbele ukaufuata, bila kupishana, katika matope, vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumwona. Rungu likashuka. Akakishika kile kizuizi cha chuma kwa mikono miwili, akakinyanyua.

Walipita bila kutugusa. Polydore akawafuata, akavua shati la kazi, akachimba nao. Bibiche na mimi tulibeba mabeseni ya udongo pamoja na wauza mandazi. Aliyekuwa akiita alitolewa mzima, mdomo umejaa mchanga, akitukana, na watu wakashangilia yale matusi kama wimbo. Wa pili alitolewa akiwa amevunjika mguu. Polisi walifika, wakasimama juu wakitazama, hawakumzuia mtu. Trésor alitolewa wa mwisho, hapumui. Dieumerci alimlaza mapajani, akamfuta macho kwa mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa habari, "Iko na moto bado. Mwili iko na moto."

Baada ya siku ile kila mtu aliniuliza tulisimama langoni muda gani. Wakubwa wa mgodi waliuliza kwa nini tulifungua mapema bila kungoja. Wengine waliuliza kwa nini tulikawia. Kila mmoja alikuwa na muda wake kichwani na alitaka niukubali. Mimi sijui. Ninapokumbuka mkono wa Bibiche ukitoka, ni kufumba na kufumbua. Ninapokumbuka rungu likiwa juu, ni asubuhi nzima.

Chef Mulongo alituita wote watatu Lubumbashi. Hakupaza sauti, na kwa mtu yule hiyo ilitisha zaidi.

"Maître, nilikuomba ubafundishe kusimama. Weye unabafundisha kufungua?"

"Chef," nikasema, "ile lango ingefunguka. Ingefunguliwa na Polydore, ao ingefunguka juu ya maiti ya Polydore."

Aliweka viganja usoni, akakaa hivyo. Nilijua naye anaogopa: mgodi ukivunja mkataba, familia nyingi zingelala njaa, na zote zingekuja kukaa mbele ya mlango wake. Bibiche aliondolewa langoni akaletwa ofisini. Mimi hawakunigusa, hapakuwa na mwingine wa kufundisha. Polydore, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na redio, alifukuzwa. Alirudisha viatu, akatuaga kwa mkono mmoja mmoja, na baadaye akapata kazi ya kupakia malori yanayokwenda Sakania, mpakani. Sikumsikia akimlaumu mtu. Ningefurahi kama angelaumu.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja dada wa mapokezi alikuja mbio uani. Nje kulikuwa na wanaume watatu kutoka Kambove, mmoja na koti la mvua la njano, jua linawaka. Wanamtaka mlinzi mwanamke, yule mufupi. Chef Mulongo akaamuru mlango ufungwe. Bibiche alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta barabarani. Nilisimama nyuma yake kwa pembeni, nikipima umbali, nikitafuta ukuta upo wapi na njia ipo wapi. Dieumerci alikuwa na mikono mifukoni.

"Toa mikono, baba," nilimwambia.

Aliitoa. Ilikuwa mitupu, kucha zimevunjika.

"Mama anabaita," alisema. "Kesho kutwa tunamaliza matanga. Anasema bale balifungua lango bakuye."

Chef Mulongo alinikataza kwenda. Alisema matanga ya kijana aliyekufa si mahali pa kupeleka wale walinzi wa lango. Watu watakuwa wamekunywa, uchungu utatafuta mtu. Kila neno lake nilikuwa nimeshajiambia. Tulikwenda. Polydore aliomba ruhusa kwenye malori, akaja na shati jeupe la kwaya. Tulipanda taxi-bus. Nilikuwa nikitazama njia, nikihesabu mahali tunapoweza kushukia.

Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Tulipoingia, viti viligeuzwa kutuelekea. Wengine niliwatambua kwa miguu kabla ya nyuso. Dieumerci alitupeleka hadi mkekani alipokaa mama yake, mwanamke mdogo aliyefunga kitenge kifuani, sauti yake imekauka kwa kulia.

"Njo aba?" aliuliza.

"Njo siye, mama," Bibiche akajibu, akapiga magoti. Nasi tukapiga magoti. Polydore alipopiga magoti bado alikuwa mrefu kuliko yule mama aliyekaa, akainamisha kichwa ili asiwe mrefu.

Mama alitutazama mmoja mmoja, bila haraka.

"Mulichelewa," alisema.

Nilitafuta kwa macho njia ya kutokea.

"Mama..." Dieumerci alianza.

Aliinua mkono kumnyamazisha. "Mulichelewa," alisema tena. "Lakini mulifungua."

Kisha akamgeukia binti aliyekuwa nyuma yake, akamwambia alete maji, wageni wanawe mikono. Wakatuletea bukari, ugali wetu, na samaki. Polydore alifungua mdomo kushukuru kwa ile sauti ya kutikisa madirisha. Akalia waziwazi, mbele ya watu wote, tonge mkononi. Mama akamwambia ale. Akala. Sote tukala.

Nimesikia watu wakisema kwamba tulisamehewa. Mimi nilikuwepo, na sikusikia neno hilo. Nilichosikia ni maneno mawili, yote kweli, na sijaweza kulitumia moja kulifuta jingine. Niliendelea kufundisha miaka mingine baada ya hapo, na hofu haikupungua, ilibadilika tu. Zamani nilihofia wanafunzi wangu wasije wakaanguka. Baadaye nikahofia pia watu walio upande wa pili wa kizuizi.

Nilipoacha kazi, darasa lilichukuliwa na Bibiche, kama mnavyojua, maana wengine wenu mlikuwa kwenye mstari asubuhi ya darasa lake la kwanza. Alikuja nyumbani kwangu kabla, hajala, uso umekauka, akaniuliza kama awasimulie habari za lango.

"Wasimulie yote," nilimwambia. "Na ile maneno mama alisema."

"Na kama wataogopa?"

"Wataogopa."

Nilikaa nje ya ua, nyuma ya mabati, ili asinione. Nilimsikia akisimulia. Alisema jina la Dieumerci, alisema jina la Trésor. Alipofika kwenye maneno ya yule mama alisema la kwanza, akasema la pili, akanyamaza kwa muda. Niliogopa kwamba ameshindwa. Nikaanza kuinuka kwenye kiti.

Ndipo akapiga makofi ya kuanza mazoezi, na nikawasikia mkisimama.